Kontena la Shiro

Nilikwenda kwenye matanga ya Mzee Gitonga nikiwa na hasira, na nilikuwa nimejiapiza kwamba nitakunywa chai yao, nitatoa mchango wangu na nitafunga mdomo. Kwetu marehemu hasemwi ila kwa mazuri. Mtu akishafumba macho, hata kama alikuwa mwizi wa kuku, anageuka kuwa nguzo ya jamii. Tuliketi chini ya hema mbele ya nyumba yake hapo mtaa wa Donholm, Jumapili alasiri, kwenye viti vya plastiki vya kukodi, mandazi yakipitishwa kwenye beseni, na mwenyekiti wa kamati akiwaita watu mmoja mmoja waseme walivyomjua. Wakala mwenzake wa forodha akasema marehemu alikuwa mtu wa haki. Nikameza chai. Shemeji yake akasema hakuwahi kumdhulumu mtu. Nikameza tena. Kisha akasimama Mama Shiro, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka mingi, akishikilia kiti cha mbele yake kwa sababu magoti hayamtii tena. “Mimi ni mama wa soko, sina maneno mingi,” akasema. “Huyu mzee alitupigania. Wakati kontena yetu ilishikwa huko Embakasi, alisimama na sisi kwa jua siku nne. Mtoto wangu ndiye alituharibia. Lakini huyu mzee hakutuacha. Mungu amlaze pema.” Watu wakaitikia amina. Mimi nikaweka kikombe chini ya kiti.

Mtoto wangu ndiye alituharibia! Miaka zaidi ya ishirini imepita, na mama huyo bado anasimama mbele za watu kumshtaki binti yake mwenyewe na kumshukuru Gitonga. Shiro yuko Uingereza hadi leo. Tangu wakati ule amekuja nyumbani mara moja tu, kwa harusi ya binamu yake, na akalala hotelini mjini kama mgeni wa serikali. Hakuharibu chochote. Najua, kwa sababu mwaka ule nilikuwa nikilala kwenye kitanda chake, nikila kwa sahani yake, na karatasi iliyotuangamiza sote ilipita kwenye mikono yangu kabla ya kufika kwa mtu yeyote wa forodha.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mama Shiro alinipokea kwake mtaa wa Mbotela kwa sababu kitanda kilibaki bure Shiro alipoondoka, na kwa sababu, alivyosema, nyumba isiyo na msichana wa kugombezwa haina ladha. Zilikuwa nyumba za zamani za halmashauri ya jiji: chumba kimoja na jiko, pazia katikati, na kitanda changu nyuma ya pazia. Chumba hicho hakikuwa cha kukaa. Kilikuwa cha kazi. Mama Shiro aliuza nguo za watoto za mitumba, lakini si kama wanavyouza wengine, kumwaga turubaini na kupigia kelele. Kila nguo aliyonunua aliiloweka, akaifua kwa sabuni ya kipande, akaianika kwenye kamba nje, akaipiga pasi ya makaa juu ya meza iliyotandikwa blanketi, akaikunja na kuipanga. Kifungo kilichokosekana kilishonwa kingine. Doa lililokataa kutoka lilishonewa ua dogo juu yake. “Mtoto havalishwi jasho ya mtoto mwingine,” alikuwa akisema, na wenzake sokoni walimcheka, lakini akina mama wa mitaa ya Umoja na Mowlem walimfuata yeye wakawaacha hao wanaocheka. Nikirudi kazini jioni nilikuta chumba kina mvuke na harufu ya makaa, na yeye akiniambia bila kuinua kichwa, “Nyambu, chakula iko kwa sufuria. Kula kwanza, halafu unishikie hii mikono ya shati.”

Kazi yangu ilikuwa ukarani katika ofisi ya Gitonga, ghorofa ya kwanza juu ya duka la rangi, hapo hapo Donholm. Alikuwa wakala wa kutoa mizigo forodhani. Mgala muue na haki yake mpe: yule mtu alijua kazi, na alijua kuifundisha. Watu hudhani nguo ni nguo. Forodhani hakuna kitu kinachoitwa nguo tu. Kuna kitabu kinene cha ushuru, na kila kitu duniani kina nambari yake mle ndani, na nambari ndiyo inayoamua utozwe nini. Gitonga aliniwekea fulana na shati mezani, akanipa kioo cha kukuzia nione: hii imefumwa kwa vitanzi kama sweta, ina sura yake kitabuni, ile ina nyuzi zinazopishana kama shuka, ina sura nyingine. Alichomoa uzi pindoni, akauwasha kwa kiberiti, akaninusisha. Pamba inanuka karatasi iliyoungua. Sufu inanuka nywele. Polista haiungui, inayeyuka na kuganda kama shanga. Alinionyesha kwamba shati likifungwa upande wa kushoto juu ya wa kulia ni la mwanamume, likifungwa kinyume ni la mwanamke, na nguo isiyojulikana ni ya nani inaandikwa ya mwanamke. Tulicheka siku hiyo. Leo sicheki. Hata forodhani, kisichojulikana pa kuwekwa tunabebeshwa sisi.

Nilimpenda Gitonga kama mtu anavyompenda mwalimu wa kwanza aliyemwona kuwa na akili. Naandika hivyo ili nisijifanye kwamba nililazimishwa na zimwi. Alininunulia chai, aliniita binti yangu, na aliniambia kwamba angeandika barua ya kunipendekeza kwenye mafunzo ya mawakala, na nikifaulu ningekuwa na leseni yangu mwenyewe. Hiyo barua ilikuwa imeshachapwa. Niliichapa mimi. Ilikuwa kwenye trei yake, ikingoja saini.

Sasa Shiro. Huko Uingereza alikuwa akifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na kanisa alilokuwa akisali lilikuwa linakusanya nguo kuukuu za watoto. Mama Shiro na wenzake kumi wa chama chao cha kuchangiana walipata wazo: kwa nini wanunue mtumba uliokwisha kuchaguliwa na matajiri, ilhali mtoto wao yuko kule nguo zinakotoka? Wakajichanga mwaka mzima. Mmoja aliuza cherehani. Mama Zuhura, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alitoa fedha alizokuwa ameziweka za kwenda Hija, akasema Mungu anaweza kusubiri mwaka mmoja ila shule za watoto haziwezi. Na Shiro, ambaye alilelewa kwenye chumba kile cha mvuke, alifanya yale aliyomwona mama yake akifanya maisha yote. Yeye na marafiki wawili walifua kila nguo. Wakapiga pasi. Wakashona vifungo. Wakakunja kila moja juu ya kipande cha kadibodi, wakaitia kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, wakazipanga kwa katoni, na kila katoni ikaandikwa umri wa mtoto. Aliandika barua kumweleza mama yake, na ndani yake akatia orodha ya mzigo. Mama Shiro aliisoma mara tatu. Mara ya tatu akalia. Kisha akanipa ile orodha. “Wewe ndio unafanya hii kazi,” akaniambia. “Peleka kwa ofisi. Waangalie kama kuna shida, kabla wafunge hiyo kontena.”

Aliuliza. Nataka hilo lieleweke. Watu wa soko, wasio na wakili wala mjuaji, waliuliza, na waliuliza kwa wakati.

Asubuhi yake niliketi na kitabu. Nguo kuukuu zilikuwa na nambari yake, na ushuru wake ulihesabiwa kwa uzito, jambo ambalo mtu wa kawaida angeweza kulimudu. Lakini chini ya nambari hiyo kuna maelezo, na niliyasoma mara mbili. Ili nguo ihesabiwe kuukuu, lazima mambo mawili yawepo pamoja: ionekane wazi kwamba imevaliwa, na iletwe ikiwa imejazwa ovyo, kwenye marobota au magunia. Ikikosa hata moja, si kuukuu tena. Inahesabiwa kama mpya, kipande kwa kipande, kila kimoja na thamani yake. Shiro alikuwa ameyafuta yote mawili kwa mikono yake. Nikaenda mbio hadi kwa Gitonga.

“Mzee, huu mzigo wa akina Mama Shiro hautapita kama kuukuu.”

Alisoma ile orodha yote, taratibu, hadi chini. “Kweli,” akasema. “Umesoma vizuri.”

“Bado hawajafunga kontena. Wana wiki tatu. Tukiwaambia watoe kwa hizo plastiki, wajaze kwa magunia...”

Akavua miwani. “Nyambura. Kuuliza si ujinga. Mwenye mzigo amekuja hapa kuuliza?”

“Amenituma mimi.”

“Wewe ni karani wangu au ni mjumbe wa soko? Sisi tunaandika kilichofika. Hatufundishi mtu kufunga mizigo. Ukiwaambia leo, kesho wanajua wewe ndio unajua, keshokutwa wanakuja na mwingine na mwingine, bure, na ofisi inakufa.” Kisha akavuta trei, akaichukua barua yangu, akaiangalia juu chini kana kwamba hajawahi kuiona. “Mtu anayetaka leseni,” akasema, “anajifunza kwanza kunyamaza.” Akairudisha bila kuitia saini.

Jioni ile Mama Shiro alikuwa anapiga pasi rinda la manjano. Aliniuliza hata kabla sijavua viatu. “Waliangalia?”

“Waliangalia.”

“Iko sawa?”

Nimejibu maswali mengi maishani. Nimesimama mbele ya maafisa na mahakimu. Hakuna jibu lililonitoka kirahisi kama lile. “Iko sawa,” nikasema. Akacheka, akaniambia nichukue mandazi juu ya kabati. Nilichukua mawili nikala.

Wiki tatu. Kila siku niliamka nikijiambia leo nitasema, na kila jioni nilishika mikono ya mashati. Ijumaa ya wiki ya pili barua ya kunipendekeza ikatiwa saini. Sasa hata kisingizio hicho sikuwa nacho, na bado nilinyamaza, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza kwa nini sikusema mapema. Ndivyo uoga unavyojilisha. Shiro alipopiga simu kwamba kontena limefungwa na liko njiani kwenda melini, Mama Shiro alichinja kuku, akina mama wote wakaja wakajaa hadi nje mlangoni, Mama Zuhura akaomba dua na mwingine akaomba kwa jina la Yesu, na chapati zikaliwa hadi sufuria ya mchuzi ikapanguswa. Mama Shiro alinipa firigisi, ambayo kwao hupewa mwenye nyumba. “Hapa hatuna mwanaume,” akatangaza. “Karani ndio mwanaume wetu wa makaratasi.” Wakapiga vigelegele. Niliila hiyo firigisi mbele yao, nikaimeza.

Mzigo ulipofika bandari ya nchi kavu pale Embakasi, kazi ya kuutoa ilipewa ofisi yetu, na vidole vilivyobonyeza nambari ya nguo kuukuu kwenye kompyuta vilikuwa hivi vyangu. Si kila kontena la wateja wetu lilifunguliwa kukaguliwa, lakini hilo lilifunguliwa. Dereva wa lori aliyekuwa akingoja zamu alinipungia mkono kutoka mbali. “Siz, hiyo mzigo yenu imeshikwa. Wanasema ni mpya.” Mimi na akina mama wa chama tulikuta katoni zimepangwa chini kwenye saruji, na afisa, msichana wa umri wangu, mpole, akifungua plastiki moja moja. Alimwamkia Mama Shiro vizuri. “Mama, hizi ni mpya kabisa,” akasema. “Hata mimi ningemnunulia mtoto wangu.” Na Mama Shiro akafurahi! Alidhani anasifiwa. Akamshika mkono yule afisa akamwambia, “Asante, mwanangu. Ni binti yangu alizifua.” Ilibidi afisa afungue kitabu na kumweleza mara mbili, kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa.

Kilichofuata ndicho kinachonikosesha usingizi, si hasara. Mwanamke ambaye maisha yake yote alikuwa akifuta madoa, alipiga magoti kwenye saruji ile kutafuta madoa. Alipasua mifuko, akageuza nguo ndani nje, akaomba macho ya afisa yaone goti lililochakaa, kola iliyofifia, uzi uliolegea kwenye kwapa. “Ona hapa, mwanangu. Hii imevaliwa. Hii ilikuwa na mtoto.” Wenzake nao wakapiga magoti. Mama Zuhura alipata ua dogo lililoshonewa juu ya doa kwenye suruali, akaiinua juu akipiga kelele kama aliyeokota dhahabu, na afisa akasema ni mapambo. Na Gitonga alikuwa wapi? Alikuwa amesimama katikati yao, kofia mkononi, akijifuta jasho, akibishana, akirudi kesho, na keshokutwa, na mtondo. Siku nne juani. Hilo ndilo walilomkumbuka nalo. Aliyewaona wakielekea shimoni akanyamaza ndiye aliyewainamia shimoni kuwapa pole, na pole yake wakailipia.

Siku ya nne aliwakusanya akawaambia kwa sauti ya msiba: “Mama zangu, aliyefunga huu mzigo ndiye aliyeharibu. Angeuliza watu wanaojua.” Mmoja wao akageuka kunitazama mimi, akakumbuka. “Si Nyambu alisema iko sawa?” Gitonga akaniwekea mkono begani. “Huyu ni wa kuchapa tu,” akasema. “Sheria hajui.” Nilikuwa nimesimama hapo. Nilikuwa na mdomo. Nikaukubali ujinga ule kama zawadi.

Kabla usiku haujaingia Mama Shiro alimpigia binti yake kutoka kwenye kibanda cha simu, na mimi nikiwa nyuma yake nimeshika mkoba wake. Sikusikia upande wa Shiro. Niliusikia wa mama. “Nani alikutuma kupiga pasi? ... Nilikuambia nguo, Shiro, sikukuambia maringo. ... Unajua Mama Zuhura atasema nini? ... Hapana. Usilie. Mimi ndio nafaa nilie. Umetumaliza.” Akakata. Ilikuwa imebaki dakika nzima kwenye ile simu, na yeye alikuwa mtu asiyetupa hata kifungo.

Hawakuweza kulipa. Muda uliisha, mzigo ukapigwa mnada, chama kikavunjika. Mama Zuhura hakuwahi kwenda Hija. Miezi baadaye nilipita mbele ya duka kubwa la nguo mjini nikaziona dirishani, kwenye mifuko ile ile, zimekunjwa na Shiro, zimeandikwa kwamba ni mpya. Kwa kuwa serikali ilisema ni mpya, zikawa mpya, na mwenye duka akazipandishia bei. Mimi nilifanya mtihani nikafaulu. Nilihama Mbotela mwezi ule ule, nikasema nimepata chumba karibu na kazi. Leseni yangu imening'inia ukutani kwangu hadi leo, na wateja husema Nyambura ni mwaminifu, ukimpa karatasi atakwambia ukweli hata usipouliza. Ni kweli. Nawaambia wote. Nimewaambia watu nisiowajua, bure, kwenye simu, foleni ya benki, kanisani. Yule mmoja aliyeniuliza ndiye sijamwambia.

Kwa hiyo Jumapili ile, maombi yalipokwisha, nilimfuata Mama Shiro hadi kwenye benchi karibu na geti. Alinikumbatia. Alisema nimenona, na kwamba hiyo ni dalili ya amani. Nikamwambia. Nilimwambia yote, ile orodha, kitabu, wiki tatu, barua, Gitonga, na sikujipaka sukari. Sauti yangu ilipanda hadi mtu wa kamati akatuangalia. Nilikuwa nimemkasirikia maiti, nimejikasirikia mimi, na kusema kweli nilikuwa nimemkasirikia hata yeye, kwa kumwamini kila mtu isipokuwa mtoto wake. Nilipomaliza alikaa akiangalia watu wakikunja viti.

“Kabla kontena ifungwe,” akasema. “Ulijua kabla ifungwe.”

“Nilijua.”

“Na mimi nikamwambia mtoto yangu ametumaliza.”

Nilianza kuomba msamaha. Akainua mkono. “Hapana. Usinipee mimi hiyo. Mimi nimezeeka, siwezi kubeba na kupeleka.” Akaingiza mkono kifuani, akatoa simu iliyofungwa kwa leso, akaniwekea mapajani. “Macho yangu haioni hizo herufi. Mtafute. Ameandikwa Shiro.”

“Mama Shiro, sasa hivi? Hapa?”

“Kwani ulikuwa unangoja nife?”

Nilimtafuta. Nikabonyeza. Ililia mara nyingi hadi nikatumaini haitapokelewa. Halafu ikapokelewa, na nikasikia sauti ya mwanamke mtu mzima, yenye pumzi fupi, ya mtu ambaye simu hii humpata kwa sababu moja tu.

“Mami? Nani amekufa?”

Mama Shiro alikuwa ananitazama bila kupepesa.

“Shiro,” nikasema, “ni Nyambura. Hukukosea.”